Santuri Nilizozificha Darini

Mwanangu Skola,

Barua ya baba kwa mtoto huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda Matogoro kumuaga shangazi yako, umevaa sweta la mama yako, na umenuna. Hali yangu utaijua ukisoma.

Sitakuandikia habari za nauli, wala za kulinda begi basi likisimama Makambako, wala za mayai ya kuchemsha ya barabarani. Hayo mama yako amekuambia wiki nzima, na leo asubuhi ameyarudia mlangoni kama litania. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu mvua za kwanza za msimu uliopita, na nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu. Mara ya kwanza tulikuwa tunapukuchua mahindi, akaingia mgeni. Mara ya pili nikakohoa kutafuta pa kuanzia, ukakimbia kuniletea maji. Mara ya tatu hakukuwa na mgeni wala kikohozi, nilikuwa mwoga tu. Ndiyo maana naandika.

Unakwenda Arusha kufanya kazi kwenye duka la santuri, na watu wa mtaani wanadhani unaondoka kwa sababu umepata kazi. Hapa nyumbani tunajua uliitafuta kazi hiyo kwa sababu uligombana na Mzee Ndunguru na hukutaka tena kupita mbele ya duka lake. Usilolijua ni kwamba mliogombana ni ninyi wawili, lakini mkosaji ni mimi.

Nianze mwanzo, maana nikiruka utaniona mbaya zaidi ya nilivyo, na nilivyo inatosha.

Niliyekupeleka kwa Ndunguru ni mimi mwenyewe, na hilo limenikera miaka yote minane. Ulikuwa kidato cha pili. Redio yetu ilikuwa imekata sauti, nikakutuma Mfaranyaki kwa yule Mmatengo fundi redio, duka lenye mlango wa bluu jirani na saluni. Sikujua kwamba redio zilikuwa mbele tu, na nyuma ya pazia kulikuwa na rafu za santuri kutoka sakafuni hadi kwenye paa. Ulitoka saa nne. Ulirudi saa nane, na redio hukurudi nayo. Ulikuwa umeisahau juu ya meza yake.

Nilikuwa nimejiandaa kufoka, ukanitangulia.

"Baba, kuna mtu anapumua ndani ya ile nyimbo! Kabla hajapiga tarumbeta anavuta pumzi. Nimemsikia kabisa!"

Macho yako yalikuwa yanang'aa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Na mimi ndiye niliyekufundisha kutembea, kuendesha baiskeli, na kuitambua mbegu nzima na iliyotobolewa na dumuzi kwa kuisikiliza tu ikianguka kwenye ungo. Nilidhani navijua vyote vinavyokufurahisha. Hicho sikukijua, na aliyekupa alikuwa mtu mwingine. Hapo ndipo wivu uliponiingia, ukaketi kama mgeni asiye na haraka.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi ilikuwa ya Ndunguru. Mezani tukawa tunakula ugali kwa "Mzee Ndunguru anasema." Mzee Ndunguru anasema santuri haishikwi katikati, inashikwa ukingoni. Mzee Ndunguru anasema sindano butu inakwangua wimbo mpaka unakwisha. Mzee Ndunguru anasema nyimbo za kwenye simu zimekamuliwa. Siku moja nikauliza kama Mzee Ndunguru anasema lolote kuhusu palizi, maana shamba lilikuwa limemezwa na majani. Mama yako alinikanyaga mguu. Wewe ulicheka, ukadhani natania.

Usidhani sikupambana. Nilikununulia ile spika ya kuchomeka flashi, na flashi nikaijaza zilipendwa mpaka kijana wa kurushia nyimbo akaniuliza kama nafungua baa. Ulinishukuru kwa kupiga goti, kama ulivyolelewa. Baada ya wiki mbili spika ikawa ya mama yako, inamwimbia kwaya akichambua mboga ya likolo. Na ulipougua malaria, mimi nilikukanda kwa maji siku mbili na ukakataa uji wangu. Siku ya tatu Ndunguru akaja na bodaboda, amepakata gramafoni yake ya kuzungusha kwa mkono, ameifunga kwa khanga. Akaiweka kwenye stuli, wimbo ukalia, ukaketi, ukaomba uji. Uji ule ule. Mama yako na shangazi yako walimshukuru karibu wamwoshe miguu. Mimi nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuwa na kazi.

Dukani kwake nilikwenda mara moja tu, nawe unaikumbuka. Ulikuwa umeanzisha yale mambo yako ya Jumamosi. Benchi mbili, mwalimu mstaafu, nesi, vijana wawili watatu wa bodaboda, kila mtu na soda yake. Kila santuri ilikuwa na kadi uliyoiandika kwa mkono: imetoka nyumba gani, nani aliicheza harusini, nani aliikalia ikapata ufa. Ukasimama ukawaambia watu wazima wale wasije kusikiliza tu na kufuta midomo. Anayetaka kulikuta duka hili mwakani anunue leo, hata moja, kwa sababu duka haliishi kwa sifa. Ulisema vizuri kweli. Nilikuwa naanza kujivuna, nikamwona Ndunguru pale kwenye kona, anatikisa kichwa polepole, anajivuna kama baba. Nikaona nafasi ile haitutoshi wawili. Ulipoweka santuri, ikaanza kukwaruza kabla ya wimbo, nikasema kwa sauti, "Huyu naye anakaanga bisi?" Watu wakacheka. Wewe uliniangalia kama mtu anayeona haya kwa ajili ya baba yake, halafu ukageuza uso haraka ili nisione. Niliona.

Sasa tufike kwenye lenyewe.

Kuna santuri ambayo wewe na Ndunguru mliitafuta miaka mitatu. Ile ya vijana wa dansi wa huku huku kwetu, waliojifunzia tarumbeta misheni, wakarekodi santuri moja na kutawanyika. Ndunguru aliisikia ujanani na hakuiona tena. Mliiulizia Mbinga, mliiulizia Namtumbo, na hapa nyumbani niliisikia mpaka nikaichukia kabla ya kuiona.

Mvua za kwanza zilipokaribia nilikwenda upande wa Peramiho kupeleka mbegu. Kijiji kimoja nikakaribishwa kwa bibi mjane, akanipa togwa, tukaongea habari za mvua. Pembeni ya mlango kulikuwa na sanduku la bati, liko wazi, limejaa santuri. Nikauliza tu, kama mtu anavyouliza.

"Hizo za marehemu, alikuwa mpiga tarumbeta," akasema. "Kuna mzee mwenye duka hapo Mfaranyaki anazifuata Jumamosi. Hii ya juu ameniomba nisimpe mtu, anaitafuta binti yake."

Binti yake! Najua mabinti wa Ndunguru wote wameolewa Mbinga, na hakuna hata mmoja anayetafuta santuri. Alikuwa anakusema wewe. Labda aliteleza ulimi, labda aliona kirefu kumweleza bibi wa watu. Mimi sikungoja kujua. Nilijisikia nikisema, "Ndiye aliyenituma. Nimekuja kuzichukua."

Bibi yule hakuwa na sababu ya kunitilia shaka, mzee mzima na rozari shingoni. Nikamwachia gunia la mbegu, ambalo lilikuwa zaidi ya alilotarajia, nikafunga sanduku nyuma ya pikipiki. Njiani niliimba.

Nilikuwa na mpango, Skola, na mpango wenyewe haukuwa mbaya. Nilitaka siku ya Krismasi, baada ya misa, watu wote wakiwa sebuleni, nikuwekee sanduku lile miguuni. Uipokee santuri ile mkononi mwangu mimi. Uje useme mbele ya watu, "Baba anasema." Ilikuwa imebaki kama wiki tano. Nikajiuliza nizitunze wapi.

Wewe unajua nyumba hii kitu cha thamani kinawekwa wapi. Watu wanatoka hadi Namtumbo kufuata mbegu yangu kwa sababu dumuzi haijui, na haina siri zaidi ya moshi. Babu yako aliweka mbegu yake kwenye dari ya jikoni, juu ya mafiga, na mimi naweka hapo hapo. Nikazitoa kwenye sanduku maana lilikuwa na kutu, nikazifunga kwenye kiroba safi, nikapanda ngazi na kuzilaza juu, katikati kabisa, pale moto unapofika vizuri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi changu kilikuwa juu, na nilipanda kwa furaha. Chini yake mama yako alipika maharage kila siku.

Wakati huo mambo yakawa yanakwenda bila mimi kuyasukuma. Ndunguru alikwenda Jumamosi, akaambiwa, "Mtu wako ameshazichukua." Akakuletea habari hiyo amechanganyikiwa. Ukaenda mwenyewe kwa bibi, akakuambia lile lile, mtu wa Ndunguru. Ukakumbuka kwamba wiki ile alikuwa amepita dukani yule mnunuzi wa Dar es Salaam, anayekusanya santuri na kuzisafirisha nje. Ukajumlisha. Nani asingejumlisha?

Ulirudi nyumbani macho yamevimba.

"Ameiuza, Baba. Ameiuza, na ananiangalia usoni anasema hajui."

Nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda, kiroba kiko nyuma ya ukuta, darini jikoni, hatua chache. Ningesimama tu. Badala yake nikasema, "Pole, mwanangu. Watu wa biashara ndivyo walivyo." Na Mungu alinisikia, mimi ninayeuza mbegu. Ndani yangu, acha niseme wazi, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaomba nyongeza ya ugali.

Mkesha wa Krismasi nikapanda kuzichukua. Kiroba kilikuwa na umbo ambalo sikukiacha nalo. Nilipokifungua, santuri zote zilikuwa zimejikunja kama majani ya tumbaku yaliyokauka, nyeusi kwa weusi wake na kwa masizi. Nilizichukua moja moja nikazibana chini ya magunia ya mbegu, nikiamini uzito utazinyoosha. Ile yenu ilikuwa ya mwisho. Niliikandamiza kwa goti, ikalia kwa ufa kutoka ukingoni hadi karibu na tundu. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, sijui tangu saa ngapi.

"Baba Skola," akasema, "ungemwonea wivu mwanamume anayenitazama mimi, ningeelewa. Huyu mzee wa vumbi amekukosea nini?"

Aliniambia nikuambie siku hiyo hiyo. Aliniambia Kwaresima. Aliniambia ulipopata barua ya Arusha. Alikataa kukuambia yeye, akasema mzigo niliupandisha mwenyewe darini na nitaushusha mwenyewe. Usimkasirikie kwa kunyamaza. Amenilipisha kwa njia zake.

Nimepata nilichokitaka, hilo ndilo jambo ninalotaka ulijue kuliko lote. Nilitaka Jumamosi zako, nikazipata zote, tangu Desemba hadi wiki iliyopita. Ulikaa hapa barazani na mimi, ukapukuchua, ukachambua mbegu. Nikiuliza unajibu. Nikitania unatabasamu. Lakini mwanangu aliyekuwa akirudi kutoka kwa Ndunguru na maneno mengi mpaka ugali unapoa, huyo hakuwepo tena hata siku moja. Nilimkosa kuliko nilivyomkosa alipokuwa kwa Ndunguru, maana wakati ule angalau jioni alirudi.

Nikiwa nachambua mbegu pembeni yako nimewaza sana juu ya siku ile ya redio. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Twende wote Jumamosi, nikamsikie huyo anayepumua." Basi. Ingenigharimu fahari kidogo na asubuhi moja. Huko uendako utaona wivu na wewe. Utakuwa na duka lako siku moja, na mtaa wa pili atafungua mwingine, na mteja uliyemfundisha kusikiliza utamwona anatoka kule na mfuko mkononi. Sikuambii usione wivu, sina haki hiyo. Nakuambia kwamba mimi niliuficha wangu miaka minane, na nikautunza vizuri kuliko hata mbegu. Na kitu usichokijua usikitunze kwa ujuzi wa kitu kingine. Muulize anayekijua, hata kama ndiye mtu usiyetaka kumuuliza. Mimi nilikuwa na mtu mmoja Songea nzima wa kumuuliza santuri inawekwa wapi, na ndiye niliyekuwa namkimbia.

Leo mchana, ulipokuwa unafunga mizigo, nilisema naenda kutafuta kamba. Nilikwenda Mfaranyaki na sanduku.

Benchi zako zimesimamishwa ukutani, moja juu ya nyingine. Mbele kwenye kioo anauza makava ya simu na chaja. Nilimweleza yote nikiwa wima, maana hakunikaribisha kiti. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akafungua sanduku na kutoa santuri moja baada ya nyingine, kila moja kwa ukingo, hata ile yenye ufa, kama vile bado zingeweza kuharibika. Moja akainusa.

"Baba Skola, hizi zimepikwa."

"Zilikuwa darini. Juu ya mafiga."

"Kwa nini juu ya mafiga, ndugu yangu?"

"Ndipo ninapoweka mbegu."

Alicheka, mara moja, kicheko kilichomtoka bila ruhusa. Halafu akaacha.

"Tangu Novemba mtoto yule ananiona mwizi," akasema. "Na wewe kila Jumapili kanisani unageuka unanipa mkono wa amani."

 Nikamwomba msamaha. Akasema amenisikia, na atanisamehe, ila si leo. Nikamwomba basi aje stendi alfajiri akuage.

"Siji. Sikuitwa."

"Nakuita mimi."

"Wewe hukuondoka dukani kwangu. Aliyeondoka ndiye wa kurudi, akitaka. Asipotaka, aende salama."

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita. "Mwambie akague sindano zao huko kabla hajagusa santuri yoyote. Wengi wanatumia butu." Akapangusa meza ambayo haikuwa na kitu. "Hapana, usimwambie. Akija nitamwambia mwenyewe."

Na hata hapo, Skola, nikiwa nimesimama na aibu yangu yote, wivu uliniingia tena. Ana jambo la kukuambia usiku wa kuamkia safari, na mimi sina zaidi ya hili nililoharibu.

Msema kweli mpenzi wa Mungu, wanasema. Sijui kama nitabaki mpenzi wako. Ukitaka kukasirika, kasirika. Ukitaka kuondoka bila kunipa mkono, nimestahili, na mama yako atakuwa upande wako. Lakini usiende Arusha ukiamini kwamba mtu aliyekufundisha kusikiliza alikuuza. Ukiamini hivyo hutamwamini mwenye duka yeyote, na utafanya kazi hiyo kwa moyo wa nusu. Mimi ndiye niliyesema uongo kwa bibi yule. Ndunguru alikuwa anakufuatia santuri yako.

Mama yako atakupa barua hii pamoja na chai. Bajaji itakuja saa tisa na nusu usiku, si saa kumi kama tulivyokuambia jana. Mizigo nitatangulia nayo mimi kwa bodaboda, kwa hiyo ukiamka hutanikuta. Dereva nimemwelekeza apitie Mfaranyaki. Ukimwambia asipite, hatapita, hilo pia nimemwambia.

Ukiamua kupita, piga hodi kwenye mlango wa nyuma, analala humo humo dukani. Sijui kama atakuwa macho. Nadhani atakuwa macho. Nitaondoka mapema makusudi, ili shikamoo yako ya kwanza kesho aipate yeye kabla yangu.

Mimi nitakuwa stendi. Ukichelewa huko, nitagombana na kondakta mpaka ufike.

Baba yako,
ambaye bado ana wivu.